Kaimati za Bi Zuhura

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, pale kwetu Kibokoni, Mji wa Kale, kazi yangu ya Ramadhani ilikuwa kupeleka na kupokea sahani. Kila alasiri majirani hupelekeana futari, na sahani ya mtu hairudi tupu. Kwetu zilikuja sahani tano. Nne tulizila. Ya tano, ya Bi Zuhura, bibi yangu aliipokea kwa dua ndefu, akafunga mlango, akawamwagia paka uani kaimati zake za shira. Kisha ikaoshwa kwa maji moto, ikatiwa sambusa zetu, na kesho yake nikairudisha na salamu: bibi anashukuru sana, ati kaimati zilikuwa tamu.

Bi Zuhura alikuwa na mbalanga. Mikono yake ilikuwa myeupe mpaka viwikoni, na midomo pia. Mumewe alimwacha ilipoanza, na hakuna aliyemlaumu mume. Watu walisema mwenyewe alijitakia: usichanani alikula samaki akashushia maziwa, na samaki na maziwa, kila mtoto wa Mji wa Kale ajua, havikai tumbo moja. Wengine wakasema ugonjwa ule hupitia mkono unaopika. Ni maneno mawili yasiyopatana, lakini watu waliyaamini yote, na mimi nikiwamo.

Mwaka ule ulafi ulinishinda. Siku moja bibi alikuwa chumbani akiswali, nami nikaipokea sahani ya Bi Zuhura nikala kaimati tatu pale pale ngazini. Wallahi, mpaka leo sijala kaimati kama zile. Juma lile lile tulifuturu samaki wa kupaka, na baadaye nikaingia jikoni kwa kunyata, nikanywa gilasi nzima ya maziwa yaliyowekwa ya daku.

Siku chache kabla ya Idi nikajitazama kiooni nikaona baka jeupe shavuni. Nilisugua kwa dodoki mpaka ngozi ikawaka moto, na baka liko palepale. Nikajifunga mtandio mpaka machoni, nikawaambia wenzangu jino laniuma. Nilikuwa nikilia chini ya shuka, nikiwaza nani atacheza nami, nani atanioa. Miaka tisa, nawaza kuolewa!

Mtandio alinivua bibi mwenyewe, alipotaka kunisuka nywele za Idi. Aliliona baka, akakaa kitako. Akaniuliza polepole, "Umekula samaki na maziwa?"

Jibu nililijua. Nikisema ndiyo, basi makosa ni yangu, na yale yote aliyosemwa Bi Zuhura nitasemwa mimi.

"La, bibi," nikasema. "Nilikula kaimati za Bi Zuhura."

Bibi akajitupia buibui, akanishika mkono, tukaenda. Bi Zuhura alifungua mlango akafurahi, maana wageni hakuwa nao. Akatukaribisha, akavuta kiti. Bibi hakuketi. Alinigeuza shavu kwenye mwanga wa dirisha.

"Tazama, Zuhura. Mtoto amekula chakula chako mara moja tu, na tazama."

Bi Zuhura akainama akanitazama. Hakunigusa, alikwisha zoea kutogusa watoto wa watu. "Hii ni mba, Bi Mkubwa," akasema. "Mpakeni dawa, itaondoka." Kisha nikaona lile neno linamfikia.

"Mara moja tu?" akauliza. "Na miaka yote hii?"

Bibi, aliyeogopwa na mtaa mzima kwa ulimi wake, akaanza kulitengeneza buibui lake. Bi Zuhura akanigeukia mimi, niliyekuwa nikimletea zile salamu. Nikatazama sakafu.

Baka liliondoka kwa wiki mbili. Bibi hakurudi kuomba radhi. Alisema akienda atalikoroga zaidi. Ramadhani iliyofuata zilikuja sahani nne.

Leo najua kuwa mbalanga haiambukizi, na samaki na maziwa havina habari nayo. Bibi namsamehe, kwa kuwa yeye aliogopa kwa dhati. Mimi nilikuwa na majibu mawili mdomoni, yote ya kweli, nikalikana moja, nikachagua lile lililoniweka salama nikamtupia mzigo mtu ambaye tayari alikuwa amelemewa. Hilo ndilo linalonikosesha raha hadi sasa.

Bi Zuhura alifariki mwaka juzi. Muosha alihitaji mtu wa kumsaidia kumkosha, na wanawake waliokuwapo wakatazamana. Nikasimama mimi. Nilimkosha mikono yote miwili taratibu, na ndipo nilipotambua kuwa sikuwahi kumgusa. Tulipotoka nje wanawake wakanisifu, wakasema nina moyo wa imani, Mungu anilipe. Nilitaka kuwaeleza habari ya kaimati. Nikaitikia amina, nikaenda zangu nyumbani.