Mifano ya Kupigwa

Mama yangu alikuwa na kazi kubwa kila akiulizwa na wageni binti yake anasomea nini. "Lugha ya wenyeji wa Kanada, mbali huko," alikuwa akijibu, kisha haraka anawasogezea kahawa kabla hawajauliza ina faida gani. Mimi faida niliijua, au nilijidai naijua. Nilikuwa naandika tasnifu ya udaktari juu ya lugha moja ya jamii ya Salish, na hasa juu ya vitenzi vyenye mtendwa, yaani yule anayefikwa na tendo.

Katika lugha ile mzizi wa kitenzi peke yake haumfikii mtu. Unaongezwa kiambishi cha kuupa nguvu, halafu mwishoni kinakuja kiambishi cha mtendwa: mimi, wewe, sisi. Na kile cha kutia nguvu si kimoja. Kipo cha aliyefanya kwa kukusudia, na kipo cha yule ambaye jambo lilimponyoka tu. Nililipenda jambo hili kupita kiasi. Niliona kuna haki ndani yake, kwamba mtu hawezi kusema amepigwa bila kueleza kama mpigaji alikusudia.

Data yangu ilikuwa sauti ya bibi mmoja aliyekwishakufa, aliyerekodiwa zamani na mtafiti mwenye subira. Saa nzima unamsikia: alinipiga, alikupiga, alitupiga, mbwa aliniuma, mbwa alituuma. Ndiyo desturi ya kazi yetu. Tunachagua kupiga, kuuma na kuunguza kwa sababu mtenda na mtendwa wako wazi, hapana ubishi. Hakuna anayeuliza nani alimpiga bibi. Hajapigwa na mtu, ni sentensi.

Nilikuwa katikati ya kazi hiyo Mama alipoanguka bafuni akavunjika nyonga, nikarudi Maskati, Omani, kumuuguza katika fleti yetu ya Darsait. Sikuwa muuguzi mzuri. Ami yangu, mdogo wake marehemu baba, alituonea huruma akatuazima mtumishi wa nyumbani kwake kule Mabela kwa wiki sita. Alikuwa msichana wa Kigoma, miaka ishirini na kitu, mpole, mwenye mikono ya haraka, na kwao walisema Kiha.

Niliposikia Kiha nilifurahi kama mtoto. Tasnifu yangu ilihitaji sura ya kulinganisha lugha, na hapa Mungu ameniletea mpaka jikoni lugha inayomweka mtendwa mbele ya mzizi badala ya nyuma yake. Kila siku baada ya alasiri, Mama akishalala, tulikaa kwenye meza ya jikoni, simu yangu ikirekodi katikati yetu. Chini yetu kulikuwa na gereji ya kunyoosha mabodi ya magari, kwa hiyo katika rekodi zote kuna mtu anagonga bati.

"Sema: alinipiga."

"Nani, dada?"

"Yeyote. Ni sentensi tu."

Akasema. Nikamwomba alikupiga, alimpiga, walitupiga, naye akayasema yote polepole, akiangalia meza. Siku ya tatu tulifika kwenye kuunguza. Alinisemea *aliniunguza* bila kufikiri. Mimi na Salish yangu kichwani, nikataka kujua Kiha kitafanyaje pale mtu anapounguza kwa bahati mbaya.

"Na kama aliyekuunguza hakukusudia, utasemaje?"

Akauvuta mkono wa gauni lake mpaka kiganjani.

"Hiyo sijui, dada. Hiyo haijatokea."

Niliandika: *umbo halipo*. Nakumbuka nilipigia mstari chini yake, kwa sababu lilinifaa sana katika hoja yangu.

Msinione mjinga. Nilikuwa na macho. Niliona anavaa mikono mirefu hata anapoosha sufuria, nikasema ni stara. Mama ndiye aliyeona, naye kalala chali.

"Huyu mtoto hataki kurudi," aliniambia wiki ya tano. "Mi nnamuona. Nikitaja Mabela tu, uso unambadilika. Mwombe ami yako atuwachie mwezi mwengine."

"Mama, ami ametufanyia hisani. Hatuwezi kuzidisha."

"Mwambie mimi bado siwezi kwenda msalani peke yangu. Si uongo."

Sikumwambia. Kumwomba ami mara ya pili niliona ni aibu, na kusema kweli kulikuwa na jambo jingine baya zaidi: sura yangu ilikuwa karibu kukamilika, na sikuwa na haja kubwa naye tena. Nilikuwa nimebakiza kikao kimoja. Kwenye kikao hicho tunamwachia mzungumzaji atunge mwenyewe, maana mifano ya kupangiwa huwa mikavu.

"Leo useme unachotaka wewe," nilimwambia. "Sentensi yoyote, muradi wewe ndiye unayetendewa."

Nikaangalia simu kama bado inarekodi. Kisha akasema kwa Kiha, na bila kuombwa akafasiri kwa Kiswahili ili nisipate tabu.

"Usinirudishe Mabela."

Nilifurahi. Lazima niseme hivyo hivyo, nilifurahi, kwa kuwa sikuwa na mfano hata mmoja wa kukataza wenye mtendwa ndani yake, na huu ulikuwa umenyooka. Neno Mabela nililisikia. Nililichukulia kuwa jina la mahali lililokuwa karibu na ulimi wake.

Alkhamisi nikampeleka mwenyewe kwa gari. Njia nzima alikumbatia begi lake, nami nilimsimulia kuwa nitamtumia nakala ya kitabu kikitoka. Mke wa ami alitupokea mlangoni kwa bashasha, akanikalisha, akaniletea halwa na kahawa. Msichana akapita ndani. Nilikula halwa, nikasifu, nikaondoka.

Hazikupita wiki mbili mke wa ami akapiga simu. Msichana yuko hospitali, ameungua mkono na kifua, birika la chai lilimponyoka, ajali tu, kuna mambo ya kuandikisha kwa askari, na mimi kwa kuwa ninamwelewa vizuri niende nikamsaidie kujibu. Alisema neno ajali mara tatu bila mimi kumuuliza.

Kabla ya kwenda nilifungua rekodi. Sikufika mbali. Nilipomtaka aseme *walinifungia*, alitaja mlango wa stoo. Kwenye *alinichoma*, alitaja pasi. Sikuwa nimemwomba pasi wala stoo. Vyote nilivinukuu kwa mkono wangu, safu kwa safu, na nilivipa namba. Niliona haya, na Mama kutoka chumbani akaita kuuliza kuna nini, nikaizima simu nikatafuta funguo za gari.

Wodini alikuwa amefungwa bendeji kuanzia kiganja mpaka begani. Nilimwambia ninazo sauti zake zote, nitampa askari, nitasema niliyoyajua na niliyopaswa kuyajua, na ami akitaka kunikana anikane. Alitikisa kichwa.

"Mimi nataka kwetu tu, dada."

"Utakwenda. Lakini lazima iandikwe kwamba walikufanyia kusudi."

"Si uliandika?"

Nilitaka kumshika mkono ule mzima, nikaogopa kwamba ataniachia tu kwa upole, kama alivyoniachia kila kitu.

"Nisamehe," nilisema. "Sikujua."

"Nilikwambia." Hakupandisha sauti. Alikuwa akinieleza, polepole, vile alivyozoea kunieleza jikoni. "Nilisema usinirudishe. Ukasema ahsante."

Na ni kweli. Nilisema ahsante, kisha nikamtaka alirudie neno lile lile kwa wingi, *usiturudishe*, naye akalirudia.