Kanga Juu ya Boneti

Fundi aliponikabidhi gari langu likiwa na rangi mpya nyekundu, alinionya nisilibandike chochote mwezi mzima. Wiki hiyohiyo mpwa wangu akaolewa Kibamba, na gari la bibi harusi likawa hilohilo langu. Dada zangu wakaja na maua na selotepu. Nikasimama mbele ya boneti kama askari wa gereza la Segerea.

"Selotepu haigusi hapa."

Dada mkubwa akanikata jicho, akafungua kanga kiunoni. Wenzake wakamfuata. Wakalivika gari zima, kanga wakazifunga kwenye vioo vya pembeni, maua wakayashonea juu yake.

"Haya, umeridhika?"

Rangi niliyoilinda hakuna aliyeiona njia nzima mpaka ukumbini, na mie ndiye niliyepiga honi kuliko wote kwenye msafara.