Kiti cha Mama Kwenye Njia ya Miguu

Kiharusi kilimpiga mama upande wa kushoto. Nilimtoa kwetu magharibi nikamleta kwangu Uthiru, pembeni mwa jiji, awe karibu na kliniki ya mazoezi ya viungo. Kliniki haikuwa mbali. Mtu mwenye afya angefika kabla chai yake haijapoa. Lakini mimi nilikuwa namsukuma kwenye kiti cha magurudumu, na katikati ya safari yetu palikuwa na bucha. Wateja wake walipandisha magari juu ya njia ya miguu, wakayabana ukutani hata paka hangepita.

Hapo tulilazimika kushuka barabarani. Nilisimama kwanza, nikasikiliza, nikachungulia nyuma, kisha nikasukuma mbio nikiwa nimemwinamia mama kichwani, kana kwamba mgongo wangu ungezuia basi. Viganja vilinitoka jasho mpaka vishikio vikawa vinateleza.  Ulimi wa mama ulikuwa bado mzito, hata kunionya hakuweza.

Asubuhi moja baada ya mvua, gurudumu la mbele lilizama kwenye ufa ukingoni mwa lami. Nikasukuma, likakataa. Nikavuta, likakataa. Nyuma yangu lori la mchanga lilikuwa linateremka, dereva akipiga honi mfululizo. Sikugeuka. Nilimkumbatia mama kwa nyuma nikafumba macho, na ninachokumbuka ni harufu ya sabuni ya kipande kwenye kitambaa chake cha kichwa. Lori lilisimama karibu sana, nikahisi joto la injini miguuni.

Mwenye gari mmoja alitoka buchani akifuta mikono.

"Si mngengoja tu kidogo ningetoa," akasema.

Dereva wa lori ndiye aliyeshuka kutunasua. 

Baada ya hapo sikuthubutu kumtoa mama nje. Nilimwambia tungoje barabara ikauke. Ikakauka, na bado nikawa nangoja. Kila nilipoisikia honi nilifunga dirisha. Vidole vyake vya kushoto, vilivyokuwa vimeanza kufunguka, vikajikunja tena.

Ni yeye aliyeniamsha siku moja kulipopambazuka.

"Nipeleke," akasema, neno moja moja. "Kabla ya magari."

"Kliniki haijafunguliwa, mama."

"Si kliniki. Pale."

Sikujua ni pale wapi mpaka tulipofika mbele ya bucha, mahali pakiwa bado patupu. Akanionyesha katikati ya njia, akaniambia nifunge breki za kiti. Nikafunga. Nikamuuliza tunafanya nini.

"Tunakaa," akasema, akavuta leso yake ya kujitanda ikamfunika magoti.

Haukupita muda mrefu, gari jeusi likapandisha magurudumu ya mbele ukingoni. Dereva akashusha kioo, akamsemesha mama kama nyanya yake.

"Shosho, songa kidogo nipaki."

Mama alimtazama tu.

"Madam, si umsongeshe?" akaniambia mimi.

Nilitaka kumsongesha. Mungu anajua nilitaka. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye breki, lakini mama aliweka mkono wake mzima juu ya wangu akaubana. Dereva akaingiza gia. Gari likaja polepole, polepole, mpaka bampa likaigusa ile leso. Nilijikuta nimepiga magoti mbele ya mama, mgongo wangu kwenye bampa, injini ikinitetemesha mbavu. Kutoka pale chini niliiona shingo yake. Mshipa ulikuwa unapigapiga.

"Mama, tafadhali twende."

"Naogopa," akasema, kwa sauti iliyonyooka kuliko zote nilizozisikia tangu augue. "Kaa hapa."

Nikakaa.

Mama mboga aliyeuza ng'ambo ya barabara alivuka na kigoda chake, akakiweka kando yetu na kuketi bila hata kutusalimia. Watu wakaanza kusimama. Mwishowe mwenye bucha akatoka na aproni yake.

"Enda upaki huko nyuma, buda," akamwambia dereva. "Utaniletea maneno hapa."

Sijui kama alituhurumia au aliuogopa ule umati. Gari likarudi nyuma. Mama mboga alinishika kwapani akaniinua.

Tulirudi kesho yake, na keshokutwa yake, na kila mara nilisali njia nzima. Wiki haikuisha kabla mwenye bucha hajaleta mawe makubwa akayapanga ukingoni, akiacha nafasi ya kiti kupita. Mama akarudi kwenye mazoezi.

Siku hizi anatembea kwa mkongojo, mguu mmoja akiuburura. Yale magari yamehamia mbele ya duka la dawa, hatua chache tu kutoka pale, kwa hiyo bado kuna mahali tunaposhuka barabarani. Yeye hutangulia. Mimi humfuata kwa karibu, nimeshika upindo wa sweta yake, nikisikiliza kinachokuja nyuma yetu.