Lugha ya Chumba cha Mbele

Wifi yangu ni mtu wa kushuku. Muuza vitambaa akimpunguzia bei, atauliza kitambaa kina kasoro gani. Asipompunguzia, ni mwizi. Kaka yangu alimwoa hivyo hivyo, na kwa kuwa yeye ni dereva wa malori na siku nyingi yuko barabarani, shaka zote za nyumba ile huniangukia mimi niliye mlango wa pili.

Mtaa mzima unamwita Fundi. Chumba cha mbele ndiyo karakana yake: cherehani ya miguu chini ya dirisha, meza ya kukatia, sare za shule zimerundikwa mpaka kwenye kochi. Nyuma, jikoni na uani, ndiko anakoshinda mwanawe tunayemwita Kifungo, pamoja na binti wa kazi anayemlea mtoto. Kifungo ametimiza miaka miwili, mnene, mchangamfu, ila haongei. Akija mbele kwa mama yake anafumba midomo na kutoa sauti ya puani. Mm. Mm-mm. Basi.

"Watoto wa umri wake wanaimba," Fundi aliniambia. "Huyu binti anamfanya nini mwanangu?"

"Kwa nini awe binti?"

"Wifi, kikulacho ki nguoni mwako."

Akaanza upelelezi. Alinusa kikombe cha maziwa kama kimetiwa dawa ya usingizi. Alimkagua mtoto kila mkunjo wa mwili akitafuta alama za kufinywa, akakuta upele wa joto. Akaenda kuulizia kwa majirani kama binti humfungia mtoto ndani. Mmoja wao, asiyejua lolote, akamjibu kwamba lisemwalo lipo, na hilo likamkosesha Fundi usingizi. Mimi ilinikera. Binti yule ni mpole, na akifukuzwa hana pa kwenda ila kwa baba wa kambo ambaye hata kumtaja hataki. Fundi naye alilijua hilo.

"Ndiyo maana anajifanya mpole," akasema.

Tatizo la kumnyemelea lilikuwa cherehani. Ikinyamaza tu, huko uani wanajua Fundi ameinuka. Basi asubuhi moja akaniita, akanikalisha kwenye kiti chake na kuninong'oneza, "Kanyaga. Usiache mpaka nirudi." Mimi ambaye hata kutunga uzi kwenye sindano ni mtihani, nikawa nakanyaga cherehani isiyo na nguo wala uzi, kama mwehu, huku yeye akinyata kuelekea jikoni bila viatu.

Alirudi macho yamemtoka pima.

"Anaongea! Wifi, mwanangu anaongea! Eti maji baridi, eti nipe, eti kuku amekimbia, huyooo! Anaongea kama redio!"

"Si vizuri hivyo?"

"Vizuri wapi? Mbona mimi hanisemeshi? Amemfundisha kuninyamazia. Ananiibia mtoto mchana kweupe!"

Kabla sijatoa mguu kwenye kanyagio, alishamwita binti. Akaja na Kifungo kiunoni.

"Nenda ufungashe vitu vyako. Ila kwanza uniambie, unamwambia nini mwanangu hata asiongee na mimi?"

Binti akampandisha Kifungo vizuri kiunoni. Nilidhani atalia.

"Mama, anaongea na wewe kila siku."

"Anasema nini? Lini?"

"Samahani, mama. Anaongea vile unavyoongea naye." Sauti ilikuwa ndogo, lakini hakurudi nyuma. "Ukiwa kazini mdomo una pini. Akikuuliza kitu unasema mm. Ukimkataza, mm-mm. Anajua yote hayo."

Fundi akageuka kuitazama cherehani. Mimi nami nikajiona mjinga, maana naingia chumba kile kila siku. Mwanamke yule huamka na pini pembeni mwa midomo. Huzitoa akija mteja, au akitaka kuwasengenya watu nami. Akimaliza kazi, mtoto ameshalala.

"Uongo," akasema, lakini kwa unyonge. "Umempanga huyu."

Binti akamweka Kifungo chini. Mtoto akamwangalia, akasema waziwazi, "Dada, twende kuku." Kisha akamgeukia mama yake, akavuta sketi yake, akabana midomo upande wa kushoto, upande ule ule wa pini, na kusema, "Mm? Mm?" Alikuwa mpole na makini, kama mtu anayejitahidi kuongea na mgeni kwa lugha ya mgeni.

Hakuchanganya hata kidogo. Lugha ya uani ilikuwa ya uani, ya mbele ilikuwa ya mbele.

Fundi akakaa kwenye sare za watu, zikakunjamana zote. "Usifungashe," akamwambia binti bila kumtazama. Nimemjua miaka mingi, tumegombana hata kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo, na siku ile ndiyo mara ya kwanza nilimwonea huruma.

Akapiga magoti. Akajifuta midomo, ingawa haikuwa na kitu.

"Mwanangu," akasema, taratibu, neno moja moja. "Unataka nini? Niambie mimi."

Kifungo akageuka nyuma kuangalia ni nani anayesemeshwa.