Wimbo wa Mama Kawira Umepewa Sura ya Mchumba wa Ndugu Yangu

Admin, ficha jina langu na la lebo yetu ya muziki. Hawa wengine nimewabadilisha majina. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mwalimu wa shule ya msingi huku Embu, na kwetu ni Karurumo. Nimekasirika, na sitajifanya nimetulia ili mnionee huruma.

Nikiwa na miaka kumi na tisa nilimwimbia prodyuza mmoja wimbo wangu. Miezi kadhaa baadaye nilikuwa nakaanga chapati kwenye harusi ya binamu yangu, DJ akacheza wimbo, nikasikia sauti yangu. Jina lililotajwa lilikuwa la msichana mwingine, na kwenye video niliyoiona baadaye ni yeye aliyekuwa akifungua mdomo. Nikawaambia akina mama wa jikoni, "Huyo ni mimi anaimba." Wakacheka mpaka mmoja akamwaga unga. Hasira ile sikuiacha. Nilipopata kazi nilianzisha lebo na ndugu yangu mdogo, Njeru, anayejua mashine. Tukakodi chumba cha studio Meru, upande wa Kinoru. Sheria ya kwanza niliibandika mlangoni kwa mkono wangu: aliyeimba ndiye atakayeonekana kwenye video. Tena wimbo hautoki kabla msanii hajausikiliza na kutia saini fomu, na mimi nitie yangu.

Sasa sikieni ujinga wangu. Jumatatu hadi Ijumaa niko darasani, na Embu na Meru si jirani. Njeru alilalamika kwamba nyimbo zinakaa zikiningoja. Basi nikatia saini fomu kama ishirini hivi zikiwa tupu, nikaziacha kwenye droo. Ni ndugu yangu wa tumbo moja. Ningemshuku kwa nini?

Msanii wetu mkubwa ni Mama Kawira, mkulima wa vitunguu kule Ruiri, ana miaka hamsini na mmoja. Alitunga wimbo wa kumshukuru Mungu kwa binti yake, aliyelazwa hospitali miezi saba. Siku aliyourekodi, mpiga kinanda alishindwa kuendelea, akatoka nje kupangusa macho. Mama akausikiliza, akatia saini, akaenda nyumbani kungoja siku ya kupiga video.

Hiyo siku haikufika kwake. Wiki iliyopita, wakati wa chai, mwalimu mwenzangu alinionyesha simu. "Si huu ni wimbo wa lebo yenu? Kumbe mlipata msichana mrembo hivi!" Nikaangalia. Ni Makena, mchumba wa Njeru, msichana wa miaka ishirini na tatu ambaye hajawahi hata kulaza paka hospitali. Amejifunga leso, analia machozi ya kitunguu, mdomo wake unafuata sauti ya Mama Kawira. Chini limeandikwa jina la Makena. Nilisimama ghafla, chai ikamwagikia madaftari ya watoto.

Nilimpigia Njeru palepale. Hata hakukana. "Sista, relax. Watu wa TV walisema mama mzee haendi mbali. Si atalipwa vile tuliandikiana? Sasa shida iko wapi?"

Nikamuuliza kama Mama Kawira alikubali. Akaanza tena habari za watu wa TV.

Jumamosi nikaenda Ruiri. Nilitamani anitukane, lakini alinipikia chai. Kisha akaniambia kwamba alikuwa amekwenda studio kulalamika, na Njeru akamtolea ile fomu. Juu ya saini zetu mbili alikuwa amejaza baadaye kwamba tumekubaliana video ichezwe na mtu mwingine. "Aliniambia sio yeye, ni mwalimu amepitisha," Mama Kawira akasema. "Nikaangalia, nikaona ni mkono wako. Ndio maana sikukupigia simu."

Nililia kwa hasira. Nikamwambia nitaitoa hiyo video siku hiyohiyo. Akakataa. Kwao kanisani ameambiwa aache kuimba wimbo wa watu. Babake Makena ni mzee wa kanisa hilo, na binti yake ameonekana kwenye TV, kwa hivyo Mama Kawira ndiye mwongo. "Ukitoa, watasema nimeona wivu," akasema. "Wewe kuja kanisa Jumapili ile ingine. Simama mbele ya watu useme huu wimbo ni wa nani. Hiyo tu."

Hiyo Jumapili ni keshokutwa. Na kesho, watu wetu wanapeleka ruracio kwa kina Makena, mahari ya Njeru. Mbuzi wameshanunuliwa. Mama yangu mzazi amenipigia simu mara nne leo. "Unataka kunivunjia boma kwa sababu ya wimbo?" Nikamuuliza kwani boma la Mama Kawira si boma. Akanikatia simu.

Njeru naye jana alikuja na maarifa yake. Anataka niende, niseme tu kwamba kulikuwa na makosa ya kuandika jina, wimbo ni wa Mama Kawira, tuombe, mambo yaishie hapo. Makena asiguswe, yeye asiguswe, na fomu isitajwe. "Ukitaja hiyo fomu hata wewe umeisha," akaniambia. "Wasanii wote watahama." Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hapo hakudanganya. Wasanii wetu sita waliniamini kwa sababu ya ile karatasi ya mlangoni, na mimi ndiye niliyempa mwizi saini kabla hajaiomba. Nikimtaja Njeru peke yake nitakuwa mnafiki. Nikijitaja, pengine lebo inafungwa Jumatatu. Nikikaa nyumbani, yule mama ataketi katikati ya watu wanaomwita mwizi, akitazama mlango.

Mnaosoma hapa, mnielekeze, na msinibembeleze. Nikisimama mbele ya kanisa lile, jina la kwanza kutoka mdomoni mwangu liwe la ndugu yangu, au liwe langu?