Pikipiki Iliyosaga Mihogo Nyangezi

Kazi yangu ilikuwa kusema ukweli kwa watu nisiowajua. Ushirika wetu hapa Bukavu ulikopesha watu pikipiki. Mikopo hiyo ilikusanywa, ikafanywa fungu moja, kisha hati zake zikauzwa Ulaya. Motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, akilipa huko mtaani Kadutu, mtu fulani Ulaya anapata faida yake. Na sheria ya kwao haina mchezo: anayeuza hati za namna hiyo lazima awaeleze wanunuzi hali ya kila kitu kilicho nyuma yake, na kitu kikibadilika, aseme bila kungoja kuulizwa. Msemaji ndiye mimi. Kila robo ya mwaka niliandika ripoti kwa Kifaransa, nimeketi kwenye dirisha la biro, yaani ofisi yetu, ziwa mbele yangu, umeme ukikatika unapojisikia.

Robo moja wanunuzi wakaongeza sharti: baadhi ya pikipiki zionekane kwa macho na zipigwe picha. Mojawapo ilikuwa Nyangezi, nje ya mji. Shefu wangu, muzee wa tai na viatu vinavyong'aa hata siku za mvua, akasema tutaenda pamoja. Alidai ni kwa ajili ya uzito wa jambo, ila mimi nilijua ni kwa ajili ya maparachichi ya njiani.

Mwenye pikipiki alikuwa maman mmoja mcheshi, aliyeikopa ili kijana wake awe motari. Kijana huyo alikuwa ameshaenda Kamituga kuchimba dhahabu. Shefu akaomba tuione pikipiki, naye maman akatupeleka nyuma ya nyumba. Huko tulikuta wanawake wamepanga foleni na ndoo za mihogo mikavu, na katikati ya kelele na vumbi jeupe, mashine ya kusaga. Shefu akaangalia huku na huku.

"Maman, pikipiki iko wapi?"

"Si ni hii inasaga, papa."

Kweli, ilikuwa ndiyo. Shasi, yaani fremu yake, ilikuwa imefungwa kwenye miti, injini ikizungusha mkanda wa mashine. Usukani ulibaki mahali pake kwa sababu, maman alisema, fundi aliona huruma kuutoa. Magurudumu yalitundikwa ukutani. Kiti kilikuwa sebuleni kwa ajili ya wageni, na shefu akaletewa hicho hicho. Akakikalia, unga umejaa kwenye nyusi.

Maman alieleza bila haya kwamba tangu injini ianze kusaga, hajachelewa kulipa. Akaonyesha foleni kwa kidole.

"Mukitaka kuichukua, museme kwanza na hawa bamaman."

Ndani ya gari tukabishana. Shefu alitaka nitume picha ya nimero ya shasi peke yake, iliyopigwa kwa karibu. Nimero iko, alisema, basi pikipiki iko. Nikamjibu kwamba tunatakiwa kusema lolote linaloweza kumfanya mnunuzi abadili mawazo. Akaniuliza kama mimi ningebadili yangu. Nikafikiria pikipiki zetu zinazotumbukia mabondeni kwenye barabara ya Mwenga, na hii ambayo haiwezi hata kuteleza.

"Ningenunua zaidi," nikasema.

Akacheka mpaka tai ikapinda. "Basi andika yote."

Kuandika nako kulikuwa na shida yake. Fomu ilikubali majibu manne tu: inatumika, imeharibika, imeibwa au haipo. Nikachagua inatumika, nikaongeza maelezo marefu, na picha ya mashine ambayo shefu alionekana pembeni, mweupe kama mwokaji mikate.

Haukupita muda, mwanasheria wao akapiga simu, mwanamke mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Alitaka kujua kama chombo bado kinatembea. Shefu akaninyang'anya simu.

"Inatembea, madame, ila haiondoki."

Tukamsikia akijitahidi kuzuia kicheko, akashindwa. Lakini sheria ni sheria. Ilibidi kila mnunuzi apelekewe tangazo kwamba pikipiki moja ya fungu lake sasa inasaga mihogo, na kwamba malipo yanaendelea. Tangazo hilo niliandika mimi, na sijawahi kuandika kitu kwa furaha namna ile. Hakuna aliyelalamika.

Nikarudi Nyangezi kumwambia maman aendelee kusaga. Alifurahi, kisha akataka kujua ni watu gani hao waliotumiwa habari za injini yake. Nikasema siwajui. Akauliza kama nao wanalazimishwa kumweleza yeye hali zao, maana jasho linalowalipa ni lake. Nikasema hapana, sheria haikufika huko.

Akaniangalia kwa huruma, akanifungia unga kwenye mfuko.

"Uwaulizie tu kama wanakula muzuri, mutoto wangu."

Nikaliweka swali hilo mwishoni mwa ripoti iliyofuata. Shefu alilisoma polepole, akatia sahihi. Jibu hatujapata bado. Ila ule unga tuliula nyumbani na sambaza, vile vidagaa vya ziwa letu, na mama mkwe wangu, ambaye huwa hasifu kitu, aliomba tena.