Nyota za Kisanduku cha Dawa

Kuna siku moja ya Kakuma, mwanangu, sijaisahau mpaka leo. Umenionyesha ile helmeti unayotaka kuagiza kwa simu, ukaniambia, "Shangazi, iko na nyota karibu tano!" Sijaisifu, wala siringi. Nimeogopa. Keti kidogo nikueleze, pikipiki haitakimbia.

Wakati huo mvi sikuwa nazo. Mama yangu, nyanya yako, alikuwa na ugonjwa wa sukari, ule wa kujidunga sindano kila siku, na dawa yake haipatani na joto. Joto la Lodwar unalijua. Tulikuwa tukiiweka kwenye friji ya jirani. Ndipo dada yangu akajifungua huko Kakuma, na mama akasema lazima amwone mjukuu, liwe liwalo.

Baba yako, Ekai, ndiye aliyekuwa mjanja wa simu. Akaagiza kisanduku cha kubebea vitu baridi. "Mama, usiogope. Hii imepewa nyota nne nukta nane," alisema, akinisukumia simu nami nione. Nikaona nyota zimejipanga, nikafurahi nazo kama mtoto.

Tukatia barafu, tukatia chupa ya dawa, tukaondoka. Tulikuwa tumeambiana tusikifungue ovyo, baridi isitoke. Jua siku hiyo lilikuwa kali, hata kiti cha gari kinachoma. Tulipofika kwa dada nikakifungua, mama adungwe sindano ya jioni. Mwanangu, nilipotumbukiza mkono, maji yalikuwa vuguvugu, kama ya kuogeshea mtoto. Barafu hata punje hakuna.

"Ekai, hii dawa imepata joto."

"Aa, wewe nawe! Hii iko nne nukta nane. Watu wote hao ni waongo? Dawa iko sawa."

Nikakubali. Mkono wangu ulikuwa umeniambia ukweli, na namba ikaniambia nimekosea. Mama akadungwa. Kesho yake tukanunua barafu nyingine kwenye duka la Msomali, tukaendelea vilevile.

Siku chache baadaye mama akaanza kunywa maji bila kukoma. Kisha akatapika. Asubuhi moja namwamkia, "Ejok, mama," hajibu. Anapumua kama mtu aliyekimbizwa, macho yako wazi lakini hanioni. Uwi! Nilipiga nduru majirani wakaja mbio. Nilijua nampoteza mama, na nilijua kwa nini.

Hospitalini daktari aliuliza dawa ilihifadhiwa wapi. Tulipomweleza akatikisa kichwa. Joto lilikuwa limeimaliza nguvu, sukari imepanda vibaya, tuombe Mungu. Tukakaa kwenye benchi nje. Kila mlango ukifunguliwa nilidhani wanakuja kutuambia amekufa. Hapo Ekai, kwa kukosa la kufanya, akafungua simu akaanza kusoma yaliyoandikwa chini ya zile nyota. Hatukuwa tumeyasoma hata siku moja.

"Imefika haraka, nyota tano." "Rangi inavutia, tano." "Bado sijaitumia lakini inaonekana nzuri, tano." Mwingine alibebea soda kwenye matembezi, huko kwao kwenye baridi. Kisha Ekai akanipa simu nisome mwenyewe. Mtu mmoja, nyota moja: "Naishi mahali pa joto. Nilibebea dawa ya mtoto wangu. Barafu iliisha kabla ya saa sita mchana. Tafadhali msiweke dawa humu."

Alituonya, mwanangu. Alipiga kelele, na wenye kusifia rangi wakamfunika. Mpaka leo sijui kama mtoto wake alipona.

Mungu alimrudisha mama, polepole. Ekai alipiga magoti kando ya kitanda akamweleza yote. Mama hakumfokea, sauti hakuwa nayo. Alisema tu, "Mbuzi mgeni akiletwa zizini, huulizi ametoka kwa nani, na amevuka kiangazi gani? Hawa wa simu uliwauliza wanaishi wapi?" Baba yako akalia mbele ya watu, mwanamume mzima.

Kwa hiyo sikukatazi kuangalia namba. Ikiwa mbovu sana, kimbia. Lakini ikiwa nzuri, usilale. Ile namba imemchanganya aliyefurahia rangi na aliyekaribia kuzika mtu, ikawafanya kitu kimoja. Soma maneno, na anza na waliolalamika. Tafuta aliye kama wewe, aliyeivaa helmeti hiyo kwenye barabara ya mawe na jua kama letu, akaanguka nayo akasimama. Ukimkosa kabisa, jua bado hujaambiwa lolote. Na mkono wako ukihisi kitu kibaya, uamini, hata kama dunia nzima imesifu.

Nawe ukishatumia kitu, usibonyeze nyota ukaenda zako. Andika uko wapi na kimekufanyia nini. Baba yako aliandika yake pale pale kwenye benchi. Namba haikusogea, ilibaki nne nukta nane. Lakini mtu mwenye hofu kama yetu, akisoma mpaka chini, sasa atakuta tuko wawili.

Haya, mwanangu. Akuj, Mungu wetu, akutangulie barabarani, akufungue macho uone kinachokuhusu, na kila jioni akurudishe mzima, tukusikie ukibisha mlangoni.